Uzito wa Hatamu

"Unavuta tena," Melkior alisema. "Huo ni mdomo, mganga. Siyo breki ya baiskeli."

Gaudensi, mganga wa zahanati, alilegeza hatamu kwa shingo upande. Alikuwa mtu wa baiskeli tangu utoto, na akiona shimo tu viganja vyake vilijikunja vyenyewe. Lakini masika yakianza, baiskeli isingefika ng'ambo ya pori walikohamishiwa watu wa kijiji kipya. Mwenyekiti alikwisha kata shauri: farasi aliyeachwa na padri ambebe mganga na dawa zake. Wasipoelewana kufikia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, farasi afungwe mkokoteni wa matofali.

Melkior alimlea farasi huyo, Kardinali, miaka kumi na mmoja pale misheni. Hakuwa na mtoto. Mkewe Romana alisema wazi kwamba farasi huyo anaambiwa mambo ambayo yeye hajawahi kuyasikia. Mkokoteni ungemuua Kardinali, na Melkior alijua ungemuua na yeye.

Siku ya kwanza alimshusha Gaudensi, akamvua farasi lijamu, kile chuma cha mdomoni, akakishika mwenyewe kwa vidole.

"Leo farasi ni mimi. Fumba macho, shika hatamu."

Gaudensi alicheka, kisha akavuta. Chuma kikambana mzee vidole.

"Umeniumiza."

"Samahani, mzee."

"Usiniombe mimi. Rudia."

Walirudia mpaka jua likawa kali. Mwishowe kamba ya ngozi ikatulia kati yao, haikulegea wala haikukaza. Melkior alipotikisa kidole kimoja, Gaudensi alikipokea upande wa pili.

"Hapo," Melkior alisema, na moyo wake ukawa mwepesi. "Kaa hapo hapo. Nakusikia, na wewe unanisikia."

Kwa mazoezi alichagua njia ya porini, kwa kuwa mchanga wake ulikuwa laini. Padri alikuwa akilivuka pori lile usiku tu, mbung'o, wale nzi wa malale, wakiwa wamelala. Melkior alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini mwanafunzi gani ajifunze gizani? Mara tatu tu, alijiambia, asubuhi, kwa haraka, na mkononi kitawi cha kuwafukuzia.

Walipita mara hizo tatu, kisha siku kumi zikapita. Wakarudi kwenye uwanja wa zahanati.

"Unavuta, mganga."

"Sivuti, mzee. Yeye ndiye ananivuta."

"Farasi niliyemlea mimi havuti mtu."

Siku mbili nzima alimsema hivyo, mbele ya akina mama waliokuja na watoto wao zahanati, na Gaudensi akazidi kushikilia hatamu kwa adabu. Ijumaa, kesho yake ikiwa ile Jumamosi ya mwenyekiti, Melkior alishindwa kuvumilia. Akapanda mwenyewe, amwonyeshe.

Hakufika hata kwenye mti wa kengele uliokuwa ukingoni mwa uwanja. Kichwa cha Kardinali kilikuwa kimelala kwenye hatamu, kizito, kama mgonjwa anayeegemea bega la mtu. Hakuwa anavuta. Alikuwa anaomba kushikwa. Na kwa siku mbili Gaudensi alikuwa amemshika.

Melkior alishuka polepole. Gaudensi akafunua mdomo wa farasi kama afanyavyo kwa watoto wenye upungufu wa damu. Ufizi ulikuwa mweupe. Chini ya tumbo palikuwa na uvimbe ambao Melkior, kwa macho yake yote mawili, alikuwa ameuita shibe.

"Mbung'o," Gaudensi alisema. "Sindano yake iko Mpanda, kwa bwana mifugo. Naondoka sasa hivi na baiskeli. Nikijaliwa, Jumatatu nitarudi."

Wote wawili waliitazama miguu ya nyuma ya Kardinali ikitetemeka.

"Mganga," Melkior alisema, "ulikuwa huvuti."

"Najua, mzee."

"Nilikusema mbele ya watu."

Gaudensi alimgusa begani, akaenda kuchukua baiskeli.

Romana alikuja kumwita mumewe kula, akamkuta amesimama katikati ya uwanja, hatamu mikononi, kichwa cha farasi kimemwegemea kifuani. Akamwambia akae kidogo, apumzishe mikono. Melkior akatikisa kichwa. Kila alipojaribu kulegeza, hata kwa unene wa kidole, farasi alianza kuanguka.