Mwaka wa Kumi na Tisa wa Aune Harju

Jumamosi ya mwisho ya Novemba Aune Harju alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba kutafuta nyama ya paa ya kupikia supu, akakuta friza imeota barafu kila upande, akaamua kuisafisha yote. Alitandaza magazeti sakafuni akaanza kupanga: nyama kushoto, samaki kulia, matunda ya porini katikati. Mjukuu wake Senja alikuwa amekaa kwenye ngazi, simu mapajani, buti za theluji bado miguuni.

"Kocha kapiga," Senja alisema.

"Yule wa chuo?"

"Huyo huyo. Anasema nacheza vizuri."

"Hilo hata kuku wa jirani Zupan wanalijua. Kingine?"

"Anasema nirudi nikiwa na miaka kumi na tisa."

Senja alikuwa na kumi na minane, mwaka wa mwisho wa sekondari. Alizaliwa na kukulia Ruona, mji wa migodi ya chuma kaskazini mwa Minnesota, ambao haukuwa na wasichana wa kutosha kuunda timu ya hoki ya barafu. Mpaka alipofika miaka kumi na minne alicheza na wavulana. Wavulana walipoanza kuota mabega, akahamia timu ya wasichana ya miji mitatu iliyounganishwa, akawa anapanda basi saa moja na nusu kwenda mazoezini na saa moja na nusu kurudi. Alicheza beki. Alikuwa na macho ya kuona mahali kisahani cha mpira kitakapokuwa kabla kisahani chenyewe hakijaamua.

Kocha, mwanamke aliyeitwa Brandvold, alikuwa amemweleza taratibu na kwa upole. Siku hizi wasichana hawaingii chuoni moja kwa moja kutoka shule. Wakimaliza, huenda mwaka mmoja kwenye akademia ya hoki, wakateleza mara mbili kwa siku na kunyanyua vyuma. Wengine hurudia darasa katika shule za bweni za kulipia, wengine huvuka kwenda Kanada kucheza ligi ya vijana. Wanafika chuoni na miaka kumi na tisa, ishirini, mifupa imeshakomaa. "Si kosa lako," kocha alisema. "Unachohitaji ni mwaka mmoja tu."

Lori, mama yake Senja, alikuwa akiogesha na kulisha wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Habari ya kulipia akademia haikuwa ya kujadiliwa, na haikujadiliwa.

Aune aliinama ndani ya friza mpaka kiunoni.

"Mwaka mmoja," sauti yake ilitoka chini. "Huu hapa. Mimi nilidhani tuliutupa tulipohama."

Aliibuka na furushi la karatasi ya buchani lililofungwa kwa kamba, kubwa kiasi cha mkate. Juu yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa mama yake, palikuwa pameandikwa: Aune, 19. Alilifuta barafu kwa kiganja, akalinusa.

"Halijaharibika," alisema.

Mwaka huo Aune hakuutumia. Alipokuwa na miaka kumi na minane baba yake alivunjika mgongo mgodini, na jiko la hospitali lilikuwa likitafuta mfanyakazi, lakini halikuchukua mtu chini ya miaka ishirini. Aune akalala Jumapili ana kumi na minane, akaamka Jumatatu ana ishirini, akavaa aproni akaenda kazini. Kumi na tisa yake ilibaki kitandani, imekunjamana kama shati. Mama yake aliikunja vizuri akaiweka pamoja na nyama. Karani wa wilaya aliandika mabadiliko yale kwenye daftari bila kuuliza. Pale Ruona mambo hayo yalikuwa ya kawaida. Jirani yao Zupan bado alikuwa na Jumanne mbili za ujana wake kwenye kopo la kahawa, akingoja kustaafu azitumie.

Senja alilitazama furushi.

"Bibi, si wako huo?"

"Wangu."

"Sasa kwa nini hukuutumia wewe mwenyewe? Ungeutoa hata mwaka jana."

"Mwaka jana nilikuwa na miaka sabini na tano na goti la bati. Huu ni mwaka wa kuteleza, mwanangu. Wote ni majira ya baridi, kasoro wiki chache."

"Na ndani mna nani?"

Aune alirudisha samaki kwenye friza mmoja mmoja kabla ya kujibu.

"Mna Reino," alisema.

Reino alikuwa kaka yake mdogo. Ndiye aliyekuwa akicheza naye ziwani, kwa sababu ukumbi wa barafu wa kampuni ya mgodi uliwaruhusu wasichana Jumapili saa nane mchana tu, wazunguke taratibu wakiwa wamevaa sketi. Aune alipoanza kazi jikoni, alitoka nyumbani kabla ya mapambazuko akarudi giza limeshaingia, na majira yale yote ya baridi aliona viatu vya Reino mlangoni tu. Kiangazi, Reino akaitwa jeshini akapelekwa Vietnam. Hakurudi.

"Basi mimi siuchukui," Senja alisema.

"Utauchukua. Mimi nikiingia humo na goti hili, atanicheka tu."

Waliuweka kwenye friji siku nzima uyeyuke polepole, kwa kuwa kitu kikiyeyushwa haraka hulowa maji na kupoteza ladha. Jumapili baada ya kanisa Lori aliwasha sauna iliyokuwa nyuma ya nyumba. Aune alikata kamba, akaufungua mwaka akautandaza juu ya mawe ya moto, akamwagia maji kata moja. Mvuke ulipanda ukiwa na harufu ya misonobari na soksi zilizolowa. Alimwacha Senja ndani, akafunga mlango, akaenda kumenya viazi.

Senja alitoka baada ya saa moja kasoro, ameishi mwaka mzima. Nywele zilikuwa zimemfika mabegani. Mabega yenyewe yalikuwa yamepanuka, mapaja yamejaa, na kidevuni alikuwa na kovu lililokwisha kupona. Suruali ilimwishia juu ya vifundo vya miguu.

"Hii nimeinunua Septemba," Lori alisema, akiivuta chini.

"Samahani, mama."

"Kaa ule. Umekonda usoni."

Alikula sahani tatu. Aune hakula, alimwangalia anavyoshika kijiko kwa ngumi nzima, kama watu wa nyumba ile ya zamani.

"Reino anakusalimu," Senja alisema.

"Hajambo?"

"Hajambo. Anasema ulimwibia glavu."

"Glavu zilikuwa zangu," Aune alisema, akainuka kwenda kuangalia chai iliyokuwa bado haijawekwa jikoni.

Ijumaa iliyofuata walikwenda chuoni kwa pikapu, bibi na mjukuu, mwendo wa saa nne kusini. Aune ndiye aliyeendesha. Hakumwamini mtu mwingine na gia zile. Kocha Brandvold aliwapokea mlangoni mwenyewe, akamletea Aune blanketi na kikombe cha kahawa, akamkalisha nyuma ya kioo.

Senja alicheza na wasichana wa chuo dakika arobaini. Alicheza kama mtu aliyejifunza kwenye barafu ya ziwa, yenye nyufa na upepo, hivyo barafu ile laini aliiona kama anasa. Wasichana walimgonga, hakuanguka. Mmoja wao, mchezaji mkubwa kutoka Saskatchewan, Kanada, alijaribu kumpita kulia mara tatu, na mara zote tatu alimkuta Senja ameshafika, anamngoja.

"Wee dada, unakula nini?" yule msichana alimuuliza akihema.

"Paa."

"Nami nianze basi."

Kisha walikaa ofisini, wote watatu. Kocha alikuwa na fomu mbele yake na uso wa furaha.

"Wewe ndiye beki niliyekuwa namtafuta," alisema. "Sema kweli, sikutegemea wiki moja ingefanya hivi. Huu mwaka umeupata wapi?"

"Kwa bibi. Ulikuwa kwenye friza."

Kocha aliitikia kwa kichwa na kuandika. "Kuna msichana mwingine alikuja na wa shangazi yake. Ulitunzwa vizuri huu. Sasa, uliuchezea wapi?"

"Ziwani. Ruona."

"Ligi gani?"

"Hakukuwa na ligi. Tulikuwa mimi na kaka yake bibi, na mbwa."

Kalamu ya kocha ilisimama. Aliigeuza fomu ili nao waione. Palikuwa na visanduku vitatu: akademia, ligi ya vijana, klabu ya nje ya nchi. Chini ya visanduku hapakuwa na nafasi ya kuandika.

"Wasichana hawakuwa na ligi wakati ule," Aune alisema. "Ningeichezea."

"Najua, mama."

"Hawakuniruhusu hata mlangoni."

"Najua. Mama yangu naye hivyo hivyo." Kocha alivua miwani akaifuta kwa shati, ingawa haikuwa chafu. "Nafasi za msimu ujao ni kumi. Tisa zimeshapata watu, wote wa akademia na Kanada. Hii ya kumi lazima niitetee mbele ya watu ambao hawatakuja kumwona anacheza. Watasoma karatasi. Na sasa wenzake wengi wanaingia na ishirini. Nikisema ana kumi na tisa na hana ligi, wataniuliza kama nimelewa." Akamgeukia Aune, akauliza kwa heshima, kama mtu anayeomba chumvi. "Huna mwingine? Hata nusu?"

"Ile mingine yote niliitumia," Aune alisema.

Kocha alimpa Senja mkono akaushika kwa muda mrefu. Aliwasindikiza mpaka kwenye gari. Alisimama kwenye theluji bila koti mpaka walipopinda kona, na wiki hiyo alimpa ile nafasi ya kumi msichana wa akademia, mzuri tu, aliyekuwa na miaka ishirini na mwezi mmoja.

Walishika barabara ya kaskazini. Maroli ya magogo yaliwapita. Senja alikuwa ameweka mikono yake mapajani, ile mikono mipya, anaitazama.

"Nimekupotezea mwaka wako, Bibi."

"Umeutupa?"

"Hapana."

"Umeusahau?"

"Hapana. Naukumbuka wote."

"Basi uko wapi huo uliopotea?" Aune alipunguza mwendo, barabara ilikuwa na barafu. "Nieleze. Anzia Oktoba. Ziwa liliganda lini?"

Senja alifikiri. "Tarehe ishirini na sita. Reino alitangulia kuingia, akazama mpaka magotini karibu na gati, akasema alikusudia."

"Alikusudia," Aune alirudia.

"Alisema anapima."

"Mama alimfanya nini?"

"Alimpiga na taulo. Halafu akamkaushia soksi juu ya jiko, moja ikaungua."

Aune alitaka kujua soksi ilikuwa ya rangi gani. Senja akamwambia. Alitaka kujua walicheza na nini walipopoteza kisahani chini ya theluji, nani alifunga mabao mengi, kama Reino alikuwa bado anaimba kwa sauti ya puani anapofunga. Senja alimwimbia jinsi alivyoimba. Novemba ilichukua maili thelathini. Krismasi ilichukua zaidi, kwa sababu ya mambo ya kanisani, na Aune akalazimika kusimama kwenye kituo cha mafuta kwa kuwa alikuwa anacheka na machozi yalimziba macho.

Walifika Ruona saa kumi na moja jioni. Aune aliingiza pikapu uani, hakuizima, ili hita isizimike.

"Endelea," alisema. "Alisema nini juu ya yule msichana wa kanisani?"

Lori aliwaona kupitia dirisha la jikoni. Alingoja. Supu ilipoanza kushika chini aliitoa motoni, akavaa koti mabegani, akavuka ua. Aliwatazama nyuso kupitia kioo, hakuuliza habari za chuo. Alifungua mlango wa nyuma, akasogeza gongo la hoki na viatu vya kuteleza, akakaa.

"Mko mwezi gani?" aliuliza.

"Februari," Senja alisema.

"Haya, endeleeni."