Pua ya Hannah

Kwa miaka kumi na tisa Hannah Wangeci alilishwa na pua yake. Alikuwa mwonjaji wa kahawa katika kampuni moja ya katikati ya jiji, ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye meza ndefu na vikombe vyeupe. Kila asubuhi alipita mbele ya vile vikombe akiinama, akinusa, akivuta kijiko kimoja kwa kelele kisha kutema kwenye ndoo. "Hii ilikaa majini siku moja zaidi," alikuwa akisema. Au, "Hii ilianikwa karibu na ng'ombe." Na ilikuwa kweli. Kulikuwa na wakulima huko milimani ambao hawakuwahi kumwona, lakini mavuno yao ya mwaka mzima yalipanda au kuanguka kwa neno lake. Alilijua hilo. Ndiyo sababu hakujipaka manukato wala kugusa kitunguu kibichi siku za kazi.

Mwezi wa tatu alishikwa na mafua makali. Homa iliposhuka, akatoka nje kuwasha jiko na kufungua chupa ya mafuta ya taa. Hakusikia harufu. Akaisogeza chupa hadi ikagusa pua. Ni kama alikuwa ameshika chupa ya maji.

Daktari wa zahanati ya Riruta alimmulika puani kwa tochi. "Mishipa ya harufu imeumia," alisema. "Inaweza kupona baada ya wiki chache, inaweza kuchukua mwaka."

"Na isipopona?"

Daktari aliandika kitu kwenye kadi yake bila kuinua macho.

Kazini hakumwambia mtu. Alikuwa na mwenzake, Mabruka, mama wa Mombasa aliyesimama naye upande mmoja wa ile meza kwa miaka kumi na moja. Hannah alianza kumwachia Mabruka aseme kwanza. Mabruka akisema ndimu, Hannah aliitikia, "Ndimu, na asali kidogo." Ulimi bado ulimpa uchachu na uchungu, na macho yalimwonyesha punje zilizopauka. Hayo mengine yote alikuwa akiigiza, na kila jioni alishuka ngazi akiwa na jasho mgongoni kama mtu aliyetoka kubeba mizigo.

Nyumbani kwake, mtaa wa Satellite, alijitengenezea chombo cha kukaangia. Alichukua mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, akautoboa kwa msumari kila upande, akapitisha spoku nene ya pikipiki katikati na kuikunja ncha iwe mpini. Ndani alitia konzi mbili za buni mbichi, akafunga mfuniko kwa waya, akauweka juu ya jiko la makaa na kuuzungusha. Aliamini kwamba kama kuna harufu ya kuiamsha pua yake, ni hii, kwa kuwa ndiyo iliyomlea kazini.

Kila jioni, kabla ya kupika ugali, alikaa uani kwenye kigoda akizungusha. Buni zilibadilika kutoka kijani hadi manjano, kutoka manjano hadi rangi ya mdalasini, na makapi yakatoka kwenye matundu na kumwangukia magotini. Kisha zilianza kupasuka, ta, ta-ta, kama vijiti vikavu. Wakati huo ndipo moshi mtamu hutoka. Hannah alifunga macho na kuvuta pumzi mpaka kifua kikamuuma. Hakuna. Siku nyingine aliziacha ziungue makusudi, akafungua mfuniko na kuinamisha uso kwenye moshi mweusi. Alikohoa, macho yakamwaga machozi, koo likawaka. Hakuna. Majirani walifunga madirisha. Mmoja alipiga kelele kutoka juu, "Mama, unatuua na hiyo kitu yako!" Hannah alitamani hata yeye auawe nayo.

Mwezi wa tano Mabruka alifiwa na kaka yake akaenda Mombasa matangani. Alhamisi ya wiki hiyo Hannah alisimama mezani peke yake. Mkuu wao, Bwana Kiarie, alimletea kahawa ya kikundi kidogo cha wakulima. Alitaka kujua kama inafaa kuchanganywa Jumatatu na shehena kubwa ya kikundi kingine. Hannah alionja. Uchachu ulikuwa safi. Punje zilikuwa nzuri kwa macho. Aliinama kwenye kikombe akakaa pale kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Vipi?" Kiarie akauliza.

"Iko sawa," alisema Hannah. "Ichanganyeni."

Usiku huo na uliofuata hakupata usingizi. Ijumaa aliporudi nyumbani alikuwa amefunga konzi kadhaa za buni mbichi za kahawa ile kwenye kitambaa.

Jumamosi alasiri aliwasha jiko. Alikuwa amekwisha kukaanga na kuzimwaga buni kwenye ungo zipoe, mume wake Dedan alipoingia uani. Dedan alikuwa mchinjaji kule Dagoretti, na tangu waoane kulikuwa na sheria moja: havuki lango la uani kabla hajavua koti la kazi. Siku hiyo alichoka, akasahau. Akavuta kigoda, akaketi ubavuni kwa mkewe, koti limekauka damu kifuani na matope ya matumbo mikononi. Hannah aliendelea kupepeta makapi. Dedan alimtazama. Akajisogeza karibu zaidi, mpaka bega likagusa bega.

"Hannah. Mbona haujanifukuza?"

"Kwa nini nikufukuze?"

"Mimi mwenyewe nataka kutapika na hii koti."

Mikono ya Hannah ilisimama. Aliliangalia lile koti kana kwamba ndiyo kwanza limetokea.

"Tangu lini?" Dedan aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu ile homa."

"Miezi miwili! Na kila siku unaenda kazi?"

"Ningesema nini, Dedan? Niwaambie mwonjaji wao hana pua? Mimi sina kazi nyingine ninayojua duniani."

Alilia bila kujificha. Dedan hakujua pa kumshika bila kumchafua, basi akainuka, akavua koti, akaoga, akarudi. Alimkuta mkewe ameshazitwanga zile buni kwenye kinu na kuzimwagia maji moto vikombeni. Uso wake ulikuwa mkavu sasa, na mgumu.

"Nisaidie," alisema. "Nusa hii. Uniambie unasikia nini."

"Mimi najua nini? Kahawa ni kahawa."

"Nusa tu."

Dedan alinusa. Akakunja uso. "Umekata vitunguu?"

"Hakuna kitunguu hapa nyumbani."

"Basi sijui. Naona kama kitunguu kimeoza."

Hannah aliinuka. Alirudisha mkebe kwenye makaa, akakaanga konzi ya kahawa nyingine aliyokuwa nayo, akiuzungusha haraka mno hata spoku ikamchoma kidole. Akaitwanga, akaimwagia maji. Dedan akanusa tena. "Hii ni poa. Hii ni kahawa tu." Hannah akampa ile ya kwanza. "Hapana. Hii ni kitunguu."

Hannah alijua maana yake. Kahawa ile ilichachushwa kupita kiasi, na magunia machache tu yangetosha kuharibu shehena nzima ya watu wasio na hatia.

"Mpigie bosi wako," Dedan alisema.

Hannah alilitafuta jina la Kiarie kwenye simu mara nne. Mara nne akaigeuza simu kifudifudi mezani. Jumapili alikaa kanisani tangu mwanzo hadi baraka za mwisho bila kusikia neno. Alijiambia kwamba kuchanganya huanza mchana. Alijiambia atafika mapema Jumatatu.

Alifika mapema kweli, saa moja na nusu. Kiarie alikuwa dirishani akinywa chai.

"Ile kahawa ya Alhamisi," Hannah alisema kabla ya kusalimu, "usiichanganye. Ina kitunguu. Sikuisikia. Sijasikia harufu yoyote tangu mwezi wa tatu."

Kiarie aliweka kikombe chini taratibu. "Tulianza saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Meli haingoji."

Alipiga simu ghalani wakasimamisha mashine. Zaidi ya nusu ilikuwa imekwisha kuchanganywa. Kisha akasema neno ambalo Hannah alilibeba kuliko matusi yoyote: "Ungenipigia hata jana, mama."

Hakufukuzwa kwa kelele. Aliambiwa aende nyumbani apumzike, wataitana. Hawakuitana. Mabruka aliporudi alimpigia simu akilia. "Dada yangu, mbona hukunambia? Wallahi ningekunusia miaka."

"Ndiyo maana sikukwambia," Hannah alijibu.

Aliendelea kukaanga. Hakuwa na sababu tena, ila mikono ilimwasha saa hiyo ya jioni ikifika. Dedan alimletea makaa na hakuuliza. Mwezi wa sita ukapita, wa saba ukapita kwa baridi yake yote.

Jioni moja ya mwezi wa nane buni zilianza kupasuka, na Hannah akaachia mpini ghafla. Mkebe ulibiringika, ukafunguka, punje zikatapakaa kwenye matope. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Dedan alitoka mbio. "Umeungua?"

"Inanuka." Aliiondoa mikono mdomoni. "Dedan, inanuka. Kama mpira umechomwa. Kama mtaro wa maji machafu."

Dedan alivuta pumzi. Uani palikuwa pamejaa moshi mtamu wa kahawa nzuri. "Hapana," alisema polepole. "Inanukia vizuri."

"Kwangu ni uchafu mtupu." Alitapika kando ya ukuta, akajifuta, akabaki ameegemea pale. Pua ilikuwa imeamka, lakini imepotoka, na hakujua kama hilo ndilo alilokuwa akiliombea usiku na mchana, au kama ni adhabu mpya. Kisha akaingia ndani, akatoka na konzi nyingine ya buni, akaokota mkebe.