Kiti cha Mzee wa Tangi

Hadithi hii ni kweli tupu, haijatiwa chumvi hata chembe. Haya, chembe moja, maana chungu kisicho na chumvi nani atakimaliza?

Palikuwa na kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, na humo palikuwa na mama mmoja mpiga pasi ambaye magoti yalimchoka kabla yeye hajachoka. Alichokitaka duniani ni kiti kimoja tu: kiti cha Mzee wa Tangi, aliyekuwa akichunga tangi la mvuke, naye alifariki majuzi. Kazi ya kukaa. Msimamizi alisema atakayepewa ni yule anayelijua tangi.

Shida ni kwamba kiwandani humo neno halikupimwa kwa uzito wake, lilipimwa kwa mdomo uliolitoa. Ukisema sabuni hii inachubua mikono, utaulizwa, "Nani kasema?" Ukijibu ni wewe, watu wanaendelea kufua. Ukijibu ni Mzee wa Tangi, ndoo nzima inamwagwa.

Mpiga pasi akapata akili, au akili ikampata yeye.

"Mzee kaniambia ule mshale wa kipimo cha tangi unadanganya," alisema wakati wa chai. "Tusiutazame. Tusikilize bomba."

"Kakuambia lini, dada?" akauliza mkunja mashuka, mwanamke mpole asiyepepesa macho. "Alipokuwa hai hakumsalimia hata mkewe."

"Jana. Kanijia kwenye mvuke."

Watu wakaacha kutafuna. Hakuna aliyecheka. Tangu hapo hakuna aliyeutazama mshale. Walipita wakitega masikio kwenye bomba, na bomba, ukilitegea sikio sana, halikosi la kusema. Dereva wa gari la mashuka akasema limemwita kwa jina lake la utotoni. Mfuaji akasema linamuuliza za nyumbani. Mpiga pasi akacheka kimoyomoyo: uongo wake umeshazaa, na watoto wana afya.

Ijumaa mchana, tangi limezimwa tangu jana yake, wenzake wako uani wanaanika, akajifungia chumba cha tangi akakikalia kile kiti, kukijaribu tu. Akakohoa kama mzee. Akasema kwa sauti nene, "Mwacheni mama apumzishe magoti." Kisha akanyanyuka haraka. Chumba kizima kilikuwa baridi, lakini kiti kilikuwa na joto, lile joto la mtu aliyeinuka sasa hivi kukupisha.

Hakumwambia mtu. Angesema kaambiwa na nani?

Jumatatu msimamizi akawakusanya. "Kiti nampa mama," alisema, "kama hakuna mwenye neno."

"Mimi sina," mkunja mashuka akasema taratibu. "Mwenye nalo ni mzee. Anasema, dada, hakukufundisha kitu. Anasema Ijumaa ulikaa kitini pake ukamuigiza kikohozi. Yeye aliinuka kwa heshima tu, kwa kuyaonea huruma magoti yako."

Mpiga pasi akageuka kuutazama mlango wa chumba cha tangi. Ijumaa ile aliufunga kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwongo huyu," akasema. "Mtu akifa kafa. Wafu hawasemi na mtu."

Msimamizi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shuka, bila haraka.

"Basi ile ya mshale, mama," akasema, "alikuambia nani?"