Kicheko cha Mstari wa Mbele

Watu wa mapokezi wana vicheko viwili, na asiyelijua hilo hajawahi kukaa nyuma ya kaunta. Kimoja ni cha kazini: kinatoka haraka, kina sauti, meno yote nje, na kinakatika mteja akigeuza mgongo. Cha pili ni cha nyumbani. Chiriku, akicheka kwa kweli, hakutoa sauti hata kidogo. Aliinama, mabega yakatikisika na machozi yakamtoka, mpaka wasiomjua wakadhani amefiwa. Jina hilo la Chiriku alipewa utotoni kwa ajili ya mdomo wake, na mdomo huohuo ndio uliompatia kazi katika ofisi ya maji, akipokea watu waliokuja kulalamika kwamba bili imefika lakini maji hayajafika.

Kicheko kilichoonwa na nchi nzima kilikuwa kile cha kazini.

Mambo yalikuwa hivi. Ofisi ilijengewa ukumbi mpya wa wateja, na Mheshimiwa akaja kuufungua. Bosi aliwapanga wafanyakazi kwenye viti tangu asubuhi, wenye bashasha mbele, wanunaji nyuma karibu na vyoo. Chiriku akawekwa mstari wa mbele kabisa, karibu na Bosi mwenyewe. Angekataaje? Alikuwa mtu wa mkataba, mkataba wenyewe unaongezwa kadiri Bosi alivyoamka, na ajira ya kudumu alikuwa akiahidiwa kila mwaka bila kuiona hata kivuli.

Mheshimiwa akaongea, akaongea. Alipofika kwenye habari za mabomba akafuta jasho, akasema kama mtu anayewaza kwa sauti kwamba kila mradi ukikaribia kuisha kampeni zinaanza na kazi inalala.

"Hizi chaguzi," akasema, "tungezisimamisha kwanza, hata miaka kumi tu, muone kama kuna nyumba itakosa maji."

Ukumbi ukawa kimya. Kila mtu alikuwa anasubiri mwenzake aanze. Chiriku alikuwa karibu kiasi cha kuona pale Mheshimiwa alipojikata wakati wa kunyoa, na usoni mwake hakukuwa na utani wowote. Mtu yule alikuwa anawapima. Macho yake yalipita mstari wa mbele taratibu, kiti kwa kiti, kama mteja anayechagua viazi. Bosi akakohoa. Basi Chiriku, ambaye kazi yake yote ni kutoacha ukimya ukae kwenye kaunta, akacheka. Akakitoa kile cha meno yote nje. Bosi akadakia, mstari wa pili ukafuata, ukumbi mzima ukaangua. Hapo ndipo Mheshimiwa naye akatabasamu, akapunga mkono, akasema, "Natania, jamani," akarudi kwenye mabomba yake.

Sasa, mpiga video wakati ule alikuwa ameigeuzia kamera hadhira. Kwa hiyo kipande kilichozagaa kwenye simu za watu kilikuwa na sauti ya Mheshimiwa na sura ya Chiriku. Uso wa msemaji haukuonekana kabisa. Wacha we! Kabla jua halijazama nchi ilikuwa imegawanyika mapande mawili. Wa upinzani walisema huyu ameshatuonyesha makucha, anataka kutawala mpaka azeeke kitini. Wa chama chake walisema nyinyi hamjui hata kutaniwa, mmezaliwa mmenuna. Msemaji wa chama akapanda redioni na kuuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kesi, kama kuna binadamu anayeweza kucheka vile mbele ya tishio. Mwangalieni yule dada, akasema. Yule dada ndiye shahidi wetu.

Yule dada alikuwa chooni, amefunga mlango, anasikiliza redio ya mlinzi kupitia dirishani. Aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Kaunta ikawa haikaliki. Mama mmoja alikataa katakata kuhudumiwa naye, akasema atasubiri mwingine hata kama ni mpaka kesho. Mzee mwingine akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa kumtetea kiongozi wetu. Chiriku hakujua kipi kilimuuma zaidi. Bosi ndiye aliyekuwa amevimba kichwa. Alipita kaunta akimnong'oneza Chiriku kwamba safari hii ile ajira ya kudumu haina wa kuizuia, mradi tu asije akabadilisha maneno.

Hayo yote angeyameza. Watu wa mitandaoni husahau, wiki ijayo wangepata mwingine wa kumtafuna. Kilichomnyima raha ni simu ya baba yake.

Baba yake alikuwa mtunza stoo mstaafu, na chama cha Mheshimiwa alikipenda kuliko timu ya mpira. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Fundi seremala, mwenyekiti wa tawi la upinzani. Wazee hawa walitaniana kuhusu siasa tangu Chiriku hajaota meno, na jioni baba alikaa kwenye benchi la karakana akimwambia Fundi kwamba meza zake zimepinda kama sera za chama chake. Kwa Chiriku, Fundi alikuwa baba mdogo, ingawa hawakuwa wa damu moja. Alimchongea kitanda cha kwanza na dawati la shule. Mama yake Chiriku alipofariki, Fundi ndiye aliyetengeneza jeneza, na hakuruhusu mkono mwingine uguse mbao zile.

Kwenye simu baba alieleza, huku pumzi zikimpanda, kwamba yeye na Fundi wamekosana vibaya. Maneno yalianza kama kawaida, kisha yakapitiliza. Fundi alimwambia mbele za watu kwamba anamtetea mtu anayetaka kuwafunga midomo wajukuu zao, na baba akamjibu kwamba yeye ni mwongo na amezeeka na uongo wake. Benchi limeingizwa ndani. Hawasalimiani. Mwishowe wamekubaliana jambo moja tu, kwamba Chiriku alikuwepo, basi aje aseme. Akisema haikuwa utani, baba atarudisha kadi ya chama na hatatia tena neno la siasa pale mtaani. Akisema ilikuwa utani, Fundi ataomba radhi mbele za watu walewale, na si kwa kunong'ona.

"Njoo Jumamosi, mwanangu," baba akamalizia. "Uje unitoe kwenye mdomo wa huyu mtu."

Jumamosi akaenda. Njia nzima alikuwa anajipanga. Angesema hakuona vizuri. Angesema jua lilimpiga machoni, ndani ya ukumbi, jua gani? Angesema Mheshimiwa ni mtu wa kuongea ovyo, kila mtu achukue lake. Alipofika sebuleni akawakuta wote wawili wamekaa wima kama watu wa kwenye picha ya kitambulisho, chai imepoa, hakuna aliyeigusa. Baba alikuwa amevaa shati la kutokea. Fundi alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Shikamoo baba. Shikamoo baba mdogo."

Marahaba zikatoka mbili, kavu. Kupitia dirisha aliona watu wamejaa mlangoni kwa karakana, wanachama wenzake Fundi, wanasubiri hukumu, simu mkononi.

Fundi hakumzungusha. Alimwambia kwamba hataki siasa, hataki ya redioni, anataka alichokiona kwa macho yake. Yule mtu alikuwa anatania au hatanii?

Chiriku akamtazama baba yake. Vidole vya mzee vilikuwa vinakamata na kuachia mkono wa kiti. Stoo zilikwisha kumwondokea, mke alikwisha kumwondokea. Kilichobaki ni kadi ya chama na lile benchi, na ukweli ungeichukua kadi. Hayo Chiriku aliyafikiria baadaye, alipokuwa anajitafutia udhuru. Wakati ule, ukweli usemwe, pembeni ya uso wa baba aliuona pia uso wa Bosi.

"Alikuwa anatania, baba mdogo."

Fundi akamwangalia. Chiriku hakukwepesha macho. Kazi ilikuwa imemfundisha hivyo, kumwangalia mtu usoni na kumwambia fundi wa mabomba yuko njiani.

Akatarajia mzee abishe. Alikuwa tayari kwa ubishi, ubishi ungemsaidia. Lakini Fundi alipumua, akajishika magoti, akainuka. Akasema kama Chiriku amesema, basi yeye ndiye aliyekosea, maana redio zinanunuliwa na simu zinachezewa lakini mtoto huyu amemlea. Akamgeukia rafiki yake, akampa mkono.

"Nisamehe, mzee mwenzangu. Nilikusema mbele za watu, na sikuwepo hata kuona."

Baba akaupokea ule mkono. Alitakiwa afurahi, lakini alichofanya ni kutazama chini, akasema yameisha, yameisha. Fundi akatoka nje kwenda kutimiza ahadi yake, na mlango ukabaki wazi nyuma yake.

Wakabaki wawili. Chiriku alichukua kikombe cha chai baridi ili mikono iwe na la kufanya. Alisubiri aambiwe asante. Baba yake alipofungua mdomo hakuinua uso.

"Wewe hucheki vile," akasema. "Mama yako alikuwa akisema ukicheka unaonekana kama unaumwa tumbo. Nilipoiona ile video nilijua siku ileile kwamba hukucheka."

"Sasa baba, kama ulijua, umeniitia nini?"

 Aibu ilikuwa imemjaa mzee mpaka shingoni, na kumwona baba yake hivyo, amevaa shati lake zuri, ndiko kulikomkata maini Chiriku kuliko yote aliyosikia redioni. Walikuwa wamemdanganya mtu mmoja wakiwa wawili. Huyo mtu sasa alikuwa nje anajivua nguo mbele ya wenzake kwa ajili ya neno lake.

Akaweka kikombe, akatoka mbio.

Karakana ilikuwa karibu na sauti zilimfikia kabla hajakata kona ya ukuta. Walikuwa wanamzomea. Mmoja aliuliza kahongwa nini, mwingine akasema mwenyekiti gani huyu, arudishe muhuri. Fundi alikuwa amesimama kati ya mbao zake, mikono imening'inia, anarudia jambo moja tu, kwamba yule mtoto amekulia hapa, kwenye vumbi hili, na hajawahi kumdanganya.

Chiriku akajipenyeza mpaka katikati. 

"Hakuwa anatania," akasema.

Simu zikainuliwa, wa nyuma bado wanazomea. Akaendelea kabla ujasiri haujamtoroka. Akaeleza ule ukimya, na macho yale yaliyopita kiti kwa kiti, na kwamba yeye ndiye aliyecheka wa kwanza, kwa kujikomba, na Mheshimiwa akatabasamu baada ya kuona wamecheka. Utani, kama ulikuwepo, waliutengeneza wao.

Mtaa ukalipuka. Watu walirukaruka, wakapigana vikumbo, mmoja akambeba juujuu na kumshusha, mwingine akamwita shujaa, dada wa taifa, maneno mengi matamu ya watu waliopata walichokuwa wanakitafuta. Waliokuwa wanamzomea Fundi sasa walimpiga mgongoni na kumwambia pole mwenyekiti, si unaona, ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Fundi hakushangilia. Alipita kati yao mpaka akafika alipo Chiriku, akaongea kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia.

"Haya uliyajua ukiwa kule ndani?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na uliniangalia usoni."

Chiriku alitaka kusema ni kwa ajili ya baba, na kwamba kazi ilikuwa hatarini, na kwamba si amekuja sasa, si amesema? Kila aliloliokota lilikuwa la kweli na halikufaa kitu. Machozi yakamlenga, akajua hata hayo hayana haki ya kutoka.

"Hawa si ndugu zako," Fundi akasema. "Wengine hata hawakujui. Hawa umewaambia ukweli, mimi ukanidanganya. Ungenivuta pembeni tu, Chiriku. Ningenyamaza. Ningemwomba baba yako radhi hivyohivyo, yule ni mwenzangu."

Akamwacha. Aliokota msumeno uliokuwa chini, akaupangusa, akaingia karakana na kuvuta mlango mpaka ukafungika. Upande wa pili wa ukuta baba yake alikuwa amesimama kizingitini, amesikia yote, au ya kutosha. Walipogongana macho yeye ndiye aliyegeuka kwanza, akarudi ndani.

Mtu mmoja akamgusa bega. Alikuwa na simu, ameiinua tayari, uso umemng'aa. Samahani dada, akasema, yale ya mwanzo hayakuingia, kulikuwa na kelele. Hebu simama hapa penye mwanga, useme tena, na pale pa macho yake upaeleze vizuri.

Chiriku aliutazama mlango wa karakana. Kisha akasogea penye mwanga, akarudia yote tangu mwanzo.