Uso wa Odilia Dirishani

Jumatatu asubuhi Odilia alishuka kwenye basi la Mlimba pale Ifakara, vumbi la kijiji cha Mbingu bado miguuni, akaenda moja kwa moja kwenye ghala la mpunga ambako yeye ndiye karani wa kutoa magunia. Alipochungulia dirishani alijiona mwenyewe amekaa kwenye kiti chake, anabonyeza kompyuta.

Uso ulikuwa wake, pamoja na lile kovu la juu ya nyusi. Kitambi na suruali vilikuwa vya Kassian, meneja.

Hakuna aliyeshangaa. Ghalani hapo mtu akifiwa huwaachia wenzake paswedi, kama anavyoacha ufunguo wa jiko, ili kazi isilale. Odilia alikwenda kumzika baba yake mdogo, akamwachia meneja. Bosi utamnyimaje? Na anayeingia kwenye mfumo kwa jina la mtu huvaa uso wa mtu huyo mpaka atoke.

"Pole na msiba, mwanangu," alisema Kassian kwa mdomo wa Odilia. Akafunga mfumo, uso wake ukarudi.

Jumatano ikajulikana kwamba magunia ya wakulima wa Mngeta yalipakiwa kwenye lori Ijumaa, na lori halijulikani lilikokwenda. Kamati ya ghala ikamwita Odilia.

"Ijumaa nilikuwa makaburini," akasema.

"Mlinzi alikuona usoni," akajibu mwenyekiti.

"Nimevaa suruali ya meneja?"

"Mfumo hausomi suruali, dada. Unasoma jina."

Kassian alikuwa anaangalia dari. Odilia akajua kibarua kimeota nyasi, na nyuma yake kuna polisi.

Mzee Eustaki, mkulima aliyekuja kuulizia mpunga wake, akaingia bila kuitwa.

"Ijumaa nilikuwa pale dirishani. Huyo Odilia wenu alinikodolea macho tu. Nimesubiri shikamoo mpaka mate yakanikauka. Huyu binti hata akiwa na malaria hunisalimia. Hakuwa yeye."

Wajumbe wakatazamana. Shikamoo ya Odilia waliijua wote. Wakamwambia arudi kazini. Nani basi aliyetoa magunia, hawakuuliza. Kassian alibaki meneja, na mpunga haukurudi.

Siku hiyohiyo Odilia alibadilisha paswedi. Ilipofika arobaini ya marehemu, akaomba ruhusa tena.

"Tuachie paswedi basi," alisema Kassian kwa mazoea, "kazi isilale."

"Shikamoo, bosi. Acha ilale. Nikirudi nitaiamsha."

Agnella wa mapokezi alicheka mpaka akajifunika khanga, kisha naye akabadilisha paswedi yake.

Odilia alipoondoka, Kassian alikaa kwenye kile kiti, akaandika paswedi ya zamani. Kompyuta ikakataa. Akajishika mashavu, yalikuwa yake. Foleni nzima ilikuwa inamtazama. Mzee Eustaki, aliyekuwa wa kwanza, akaegemea dirisha akasubiri shikamoo yake.