Mahari pa Kumzika

Kashindye ndiye mpelelezi pekee kituoni kwetu aliyefungia karanga kwa barua zake za onyo. Mkuu wetu alimwita kichwa kigumu. Sisi nasi tulimwita hivyo hivyo, ila kwa mapenzi.

Siku ile mkuu alikuwa keshamhukumu Yeremia, mahabusu wetu, kwa kuchoma nyumba. Mke wa Yeremia, Modesta, alifariki kwa homa, na kabla hajazikwa, nyumba ya baba yake, mzee Machibya, ikaungua usiku kule Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Yeremia alikiri waligombana na mzee. Kisa? "Mahari, afande." Basi, ikawa hajatoa mahari, kabanwa, kachoma nyumba. Alipojitetea kwamba usiku huo alikuwa mochwari hapa mjini, akizuia ndugu wa mzee wasimchukue mkewe, mkuu alicheka. Mahari hujatoa, maiti unaidai kwa lipi?

Kashindye alikatazwa kumhoji. Akaenda, nami nikamfuata.

"Ndugu yangu, hebu sema tena. Mligombania nini?"

"Mahari pa kumzika. Mimi nataka Buhongwa, alipolala mtoto wetu. Mzee anataka kwao."

"Mahari *pa*?"

"Ndiyo, afande. Mahari pa kumzika."

Kashindye akashika kichwa. Mahari ni "ya", jamani. "Pa" ni mahali. Mjita wa watu ulimi umemteleza kwa herufi moja, kesi ikazaliwa. Nilipandwa na hasira nikatamani kumkunja mtu.

Tukaenda mochwari. Mhudumu, mama Bernadeta, alitutazama kama watoto watoro.

"Yule kaka? Usiku huo kakesha mlangoni hapo, hata chai kakataa. Kwani kuna aliyekuja kuniuliza? Mmechelewa sasa. Marehemu kachukuliwa na watu wa kwao leo asubuhi."

Kashindye alimtoa Yeremia mahabusu bila kibali cha mtu yeyote, tukawahi kivuko. Kamanga tulikuta jeneza limeshashushwa, vijana wanafukia. Mzee Machibya alikuwa ameketi kando ya kaburi.

"Shikamoo, baba," Yeremia alisema.

"Marahaba." Mzee hakuinua macho.

Kashindye akapiga hatua mbele. Namjua, alikuwa anakwenda kuyasimamisha mazishi yale, liwalo na liwe. Yeremia akamshika mkono.

"Acha, afande. Tukimhamisha tena, Modesta atachoka."

Akavua viatu, akaomba koleo, akaanza kumfukia mkewe.