Tofali Lenye Mayai

Mwaka ule wa El Nino kila kitu kilizaa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma isipokuwa mgao wa mahindi. Mbu walizaa, nzi walizaa, mbuzi wa Waturkana walizaa mapacha, na ndani ya nyumba yangu mijusi wa mume wangu walinenepa kwa wadudu. Mimi nilikuwa nakonda. Binti yetu Elyse, wa miaka mitatu, alikuwa amelazwa mara mbili kwa malaria, na mara ya pili alirudi mwepesi hivi kwamba kila nilipombeba niligeuka kutazama kama bado yuko mgongoni.

Onésphore, mume wangu, ni Mrundi na fundi seremala. Wanaume wengine kambini walijipumbaza kwa karata. Wangu alijipatia mijusi kafiri. Alianza na wawili ndani ya kisanduku cha mbao na wavu, visanduku vikafika saba. Kila dume lilikuwa na chumba chake, maana wakikutana wanang'atana mpaka mikia inadondoka. Hawanywi bakulini, kwa hiyo aliwanyunyizia matone kwa vidole wayalambe, maji yaleyale niliyoyapangia foleni mimi. Kwa ajili ya majike alisaga maganda ya mayai ya kuku, akawapaka panzi unga ule kabla ya kuwalisha, ili wapate nguvu ya kutaga. Nikamwambia kwamba nilipokuwa na mimba ya Elyse sikusagiwa hata karanga. Alicheka, akaendelea kusaga.

Kilichomnyima raha kilikuwa jike mmoja wa kijivu na dume mwenye kichwa cha manjano. Alitaka mtoto wa wale wawili, na kila mara mayai yalikauka. Halafu jike akatoroka, akapanda ukutani, akataga mawili kwenye ufa juu ya kitanda chetu. Mijusi wa aina hiyo hugandisha mayai mahali wanapoyataga, ukiyabandua yanapasuka. Basi yakabaki pale, meupe, makubwa kama punje za mahindi, na mume wangu akawa anapanda kitandani kuyaangalia kabla hajanisalimia.

Ndipo likatoka tangazo kwamba nyumba zote zitapigwa dawa ya mbu. Niliimba siku nzima. Onésphore hakuimba. Dawa ile hukaa ukutani miezi, na mjusi akitembea juu yake amekwisha. Visanduku alivipeleka kwa jirani yetu Adhieu, mama wa Kisudani, aliyevipokea kwa sharti kwamba hakuna kitakachofunguliwa mbele yake. Mayai hayakuhamishika.

"Bakikuja, uwaambie ule ukuta wa kitanda hapana," aliniambia akipanda lori la kwenda Lodwar kutengeneza mabenchi ya kanisa. "Ingine yote bapige."

"Huo ndio Elyse analala chini yake, Baba Elyse."

"Ni siku kidogo tu. Yamegeuka rangi. Yako karibu."

Lori likaondoka, nami nikabaki na hasira.

Siku zile sikutulia. Nilifagia palipokwisha kufagiwa, nikatoka kutazama kama wapiga dawa wanakuja, nikarudi ndani, nikatoka tena. Usiku niliweka mkono kwenye paji la Elyse mpaka nikamwamsha mwenyewe. Nilitaka mtoto wangu asipate homa tena, na nilitaka baba yake alitake jambo hilo kuliko anavyoyataka yale mayai. Hilo la pili ndilo lililoniuma.

Walikuja asubuhi. Kijana wa Kiturkana aitwaye Lotiir alisimama mlangoni na tangi la dawa mgongoni, akanisalimia kwa lugha yake. "Ejok, mama. Toa vitu yote nje. Godoro, chakula, maji."

Nilipomaliza kutoa nikamuuliza kama ukuta mmoja unaweza kuachwa.

"Nyumba ni yote ama basi," alisema. "Ukiacha moja, mbu inalala hapo. Na kesho sisi tunaenda upande ingine."

Nilipanda kitandani kuyaona mayai. Ndani ya ganda moja palikuwa na kivuli, na kivuli kilitikisika. Nikamtukana Onésphore kwa Kifuliru, lugha ya mama yangu, ambayo ndiyo ninayotukania vizuri. Kisha nikachukua panga na kuanza kuchimba udongo kuzunguka tofali yalipogandia. Tulilifyatua wenyewe kwa tope la mto, likatoka zima na mayai yake, na ukuta ukabaki na tundu la kupitisha kichwa.

"Sasa umefanya nini?" Lotiir aliuliza. "Hapo mbu itaingia kama mlango."

"Nitaziba."

"Ziba kwanza. Ukiziba baadaye, udongo inafunika dawa. Na mimi sipigi udongo maji. Nikimaliza hii mstari nitarudi. Kama haijakauka, hiyo ni shauri yako."

Nilikuwa nakanda tope wakati lori la Lodwar lilipofika. Onésphore aliingia uani na wavu mpya kwapani. Aliona godoro nje, Elyse juu yake, na tofali kwenye kivuli cha ukuta. Akaenda moja kwa moja kwenye tofali, akachuchumaa. Nikajisemea, haya, ndivyo alivyo.

Nikamweleza kila kitu kwa pumzi moja, kwa ukali. Alisimama, akaweka wavu chini, akalichukua tope mikononi mwangu. Alijaza tundu kwa vipande vikavu vya matofali ili tope liwe kidogo, akasawazisha, kisha akachukua sinia na kuanza kuupepea ukuta.

Adhieu alikuja kuchungulia. "Huyu mzee anapepea ukuta? Ukuta iko na homa?"

Watoto walicheka. Yeye alibadilisha mkono tu, akapepea.

Jua likazunguka. Kivuli kilisogea, na mwanga ukaanza kupanda juu ya tofali. Jua la Kakuma huivisha yai lolote. Onésphore aliliona kupitia mlangoni. Sinia ilishuka. Kwenye nyumba ya tatu kutoka kwetu tulimsikia Lotiir akiita watu watoe vitu. Mume wangu akatazama kiraka, kingo zake nyeupe, katikati bado peusi, akainua sinia tena. Hakuniomba nilihamishe tofali.

Bado nilikuwa na hasira. Niliinuka nayo hivyohivyo, nikalibeba tofali kwa mikono miwili hadi chini ya turubai la Adhieu, nikakaa nalo mapajani. Kutoka huko nilimsikia Lotiir akiuliza kama imekauka, na Onésphore akimwambia aje aguse mwenyewe. Halafu nikasikia dawa ikianza kupiga ukuta, nikalia, na Adhieu akaacha kucheka.